Kila Hoja na Jibu Lake: Mafunzo Niliyopata Katika Midahalo ya Arusha

Nimesimamia midahalo ya wanafunzi Arusha mjini na Arumeru kwa miaka mingi. Nje ya kazi hiyo nimehudhuria mihadhara ya dini viwanjani na kukaa kwenye vikao vya wazee. Kote huko nimeona watu wenye akili timamu wakizungumza mpaka jua linazama bila kuelewana. Mmoja anatoa hoja ya aina fulani, mwenzake anaijibu kana kwamba ni ya aina nyingine. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata.

1. Itambue hoja kabla ya kuijibu

Mada ilikuwa ile tuliyoizoea: maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Msichana wa kidato cha tatu akasimama. "Ndugu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na hadhira kwa ujumla, mjomba wangu alihamia mjini akawa mlevi. Hivyo mji unaharibu watu." Upande wa pili ukajibu kwamba mjomba huyo alikuwa mlevi tangu kijijini. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi, na hoja ikapita bila kujibiwa.

Ile ilikuwa hoja ya mfano. Hujibiwa kwa kuuliza: wangapi wamehamia mjini na hawakulewa? Wangapi wamelewa bila kutoka kijijini? Hoja ya kanuni ni jambo jingine. Anayesema "kila kinachodhuru afya kipigwe marufuku, sukari inadhuru afya, basi ipigwe marufuku" hajibiwi kwa mifano ya watu wanaokunywa chai wakiwa wazima. Kagua kanuni yake: je, kweli *kila* kinachodhuru kipigwe marufuku? Halafu kagua kama hitimisho linatokana nayo.

2. Hoja nzito huanzia kwenye jambo ambalo mpinzani amelikubali

Somo hili nimelipata kwenye historia ya Wameru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, ili kupisha ufugaji wa walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Hoja ya serikali ilikuwa ya faida: ardhi ile ingezalisha zaidi mikononi mwa walowezi.

Wameru walikuwa na kila sababu ya kulia, lakini walijenga hoja. Wakisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, walimtuma Kirilo Japhet New York mwaka 1952 akazungumze mbele ya Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Uingereza ilikuwa imejifunga, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa na kwa makubaliano ya udhamini, kulinda maslahi ya wenyeji. Madai ya Wameru yalisimama juu ya ahadi hiyo: mliahidi kutulinda, mbona mmetuondoa kwa nguvu kwenye ardhi yetu?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliieleza hoja ya namna hii mwishoni mwa karne ya 17: kumbana mtu kwa misingi yake mwenyewe. Alionya pia kwamba haithibitishi kuwa misingi hiyo ni ya kweli. Inamfunga tu aliyeikubali. Katika shauri la Engare Nanyuki hilo lilitosha, kwa sababu aliyefungwa na ahadi ndiye aliyeishika ardhi.

Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita kwenye kamati, likakosa theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Nawaambia wanafunzi wangu waikumbuke tofauti hiyo. Kushindwa kura si kushindwa hoja.

3. Ukimya ni ushahidi pale tu maneno yalipotarajiwa

Kwenye mihadhara, mzungumzaji Mwislamu humwambia Mkristo: nionyeshe mahali Yesu aliposema kwa maneno haya, "Mimi ni Mungu." Mkristo naye hurudisha: nionyeshe aya ya Qur'ani inayotaja mwaka Injili ilipobadilishwa. Zote mbili ni hoja za ukimya. Swali la kuziuliza ni moja: kama jambo hili lingekuwa kweli, tungetarajia lisemwe hapa, kwa maneno hayohayo? Nimeona watu wa dini zote mbili wakitulia na kufikiri swali hilo linapoulizwa kwa heshima.

4. Mlinganisho husimama kwa sababu inayounganisha

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wanaita njia hii kiyasi. Maandiko yameharamisha mvinyo. Sababu ni kulevya. Basi kila kinacholevya kina hukumu hiyo. Ndiyo maana ubishi kuhusu mirungi haumalizwi kwa kusema ni majani na mvinyo ni kinywaji. Tofauti hiyo haigusi sababu. Anayetaka kupinga aonyeshe kwamba mirungi hailevyi, na anayetaka kuharamisha athibitishe kwamba inalevya au inadhuru.

5. Nia haionekani, husomwa kwenye matendo

Septemba 2, 1998, hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kosa hilo linahitaji nia ya kuangamiza kundi, na moyo wa mtu haufunguliwi kizimbani. Majaji walieleza kwamba nia inaweza kubainika kwa dalili: ukubwa wa ukatili, na jinsi waathirika walivyochaguliwa kwa kabila lao. Hoja ya dalili hujibiwa kwa kutoa maelezo mengine yanayozifaa dalili zote. Kuipinga dalili moja moja hakutoshi.

6. Mamlaka lazima yaeleze

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliandika kwamba hoja inayotegemea mamlaka ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa aliyapa mafunuo ya Mungu nafasi ya kwanza. Waarusha wana hekima iliyo jirani na hiyo. Laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, huheshimiwa kikaoni, lakini heshima hiyo haimpi amri ya hakimu. Huzungumza, husikiliza, hushawishi, mpaka pande mbili zikubaliane.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa midahalo ni hili. Tuache kutoa alama kwa sauti kubwa na vicheko. Tumpe alama za kwanza mwanafunzi anayeweza kuieleza hoja ya mpinzani mpaka mpinzani aseme, "Ndivyo nilivyomaanisha," ndipo aijibu.