Chensoo Imenoki? Isome Pistoni Kabla ya Kununua Spea

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbolea na viuatilifu tuingie kwenye chuma. Wengi wenu huku Mufindi na Njombe mna mashamba ya paini na milingoti, na mti ukishakomaa kinachougeuza kuwa fedha ni msumeno wa mnyororo, au chensoo kama tunavyoiita. Siku ikinoki, mbao hazitoki, mnunuzi anahamia kijiji cha jirani, na ada ya mtoto inabaki inasubiri.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi kikundi kimoja cha wakulima wa miti ninaowahudumia waliniletea chensoo yao. Mimi diploma yangu ni ya kilimo, siyo ya ufundi, ila nimekua nikimshikia tochi fundi pikipiki jirani yetu, kwa hiyo spana siziogopi. Nikafungua, nikakuta pistoni imekwaruzika, nikawaambia nunueni pistoni na ringi. Wakachanga. Nikafunga, ikawaka kwa mvuto wa pili, watu wakapiga makofi. Siku ya tatu ikanoki tena, vilevile. Fedha ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mbolea ya viazi. Spea haikuwa mbovu na mwendeshaji hakukosea. Nilibadilisha kilichoumia bila kutafuta kilichokiumiza.

Kwa hiyo somo hili linaanzia pale nilipopaswa kuanzia siku ile.

Oili inakujaje ndani?

Injini ya gari ina oili yake chini, inazungushwa na pampu. Injini ya chensoo ni ya mipigo miwili, haina kitu hicho. Oili yake yote inaingia ikiwa imechanganywa na petroli. Mchanganyiko unatoka kwenye kabureta, unaingia kwenye kasha la krenki, unalainisha beringi na konrod, halafu unapanda kwenye silinda kwenda kuungua. Injini za mabomba ya mota ya kupulizia, yale wanayotumia wenzetu wa korosho kule Mtwara na Lindi, nyingi ni za namna hiyohiyo, kwa hiyo na ninyi msifunge ukurasa.

Maana yake ni hii: hewa yoyote inayoingia bila kupita kwenye kabureta inaingia bila petroli, na bila petroli hakuna oili. Mimi naiita hewa ya wizi. Inaweza kupita kwenye gasketi iliyochanika, kwenye mpira wa kabureta uliopasuka, au kwenye sili za krenki zilizokauka. Injini itaunguruma vizuri tu, tena kwa kasi kuliko kawaida, na mwenye nayo atafurahi kuwa leo ina nguvu. Kumbe inaungua kikavu.

Kuisoma pistoni

Kabla hujafungua kitu, safisha mashine nje kwa brashi na petroli kidogo, mahali penye hewa na mbali na moto. Unga wa mbao ukianguka kwenye krenki umeshajitengenezea kazi nyingine. Toa bao la mnyororo, mnyororo na plagi. Kisha fungua eksozi peke yake, chungulia kwa tochi kwenye tundu lake huku ukivuta kamba polepole. Hapo tu utaona upande mmoja wa pistoni, na mara nyingi jibu la kwanza unalipata bila kufungua silinda.

Ukishatoa kabureta na kufungua nati za silinda, ivute juu polepole, ziba mdomo wa kasha la krenki kwa kitambaa safi, halafu igeuze pistoni mkononi uitazame pande zote. Piga picha kwa simu kila hatua, utanishukuru wakati wa kufunga.

Ikiwa imekwaruzika upande wa eksozi tu, na upande wa kabureta unang'aa, iliungua kwa ukavu: oili kidogo kwenye petroli, au skrubu ya kasi kwenye kabureta imefungwa mno, au hewa ya wizi. Ikiwa upande wa kabureta ndio uliofifia na kuwa wa kijivu, wenye mistari mingi myembamba ya wima, huyo ni vumbi. Kichujio cha hewa kimetoboka au hakikai sawasawa. Ukikuta imekwaruzika pande zote nne, ilipata joto kupita kiasi, kaangalie mapezi ya silinda kama hayajazibwa na utomvu wa paini uliochanganyika na unga. Mstari mmoja mrefu na wa kina mara nyingi ni klipu ya pini iliyochomoka au kipande cha ringi.

Ile ya kikundi ilikuwa imekwaruzika upande wa eksozi peke yake. Mara ya kwanza niliiona na sikuiuliza swali.

Kutafuta hewa ya wizi

Hii ndiyo sehemu mafundi wengi wanairuka, na mimi niliiruka. Vifaa vyake havizidi unavyovipata kijijini. Tafuta plagi mbovu, vunja kaure yake yote mpaka ibaki chuma chenye tundu, ingiza nozeli ya tyubu ya baiskeli, gandisha kwa gundi ya chuma, iache usiku kucha. Umeshapata mdomo wa kupulizia.

Kata vipande viwili vya tyubu. Kimoja weka kati ya eksozi na silinda, kingine mahali kabureta inapokaa, kisha kaza boliti zake ili matundu yote mawili yazibike. Kama modeli yako ina mpira wa kabureta, uache mahali pake na uzibe mdomo wake wa nje, maana na wenyewe tunaupima. Shusha pistoni mpaka chini kabisa ili silinda na kasha la krenki viwe chumba kimoja. Pulizia kwa pampu yenye geji, paundi 7 tu. Ukizidisha unaweza kuzisukuma sili zitoke. Inatakiwa isimame sekunde 20 au zaidi bila kushuka. Ikishuka, paka povu la sabuni kila maungio na uangalie panapochemka.

Kwa ile ya kikundi povu lilichemka nyuma ya flaiwili. Sili ya krenki upande ule ilikuwa ngumu kama kipande cha kandambili ya zamani. Kitu kidogo cha mpira, bei yake haifikii hata robo ya bei ya pistoni, ndicho kilichokula pistoni mbili.

Angalizo: sili nyingine hushika ukipuliza lakini huvuja injini inaponyonya. Kwa hiyo kama umeshafungua na mashine ina miaka mingi, badilisha sili zote mbili hata kama povu halikuchemka. Ili kulegeza klachi, mzunguko wa krenki lazima uzuiwe: ingiza kamba ya manila kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa inapanda na imeshalipita tundu la eksozi. Usitumie bisibisi, utatoboa kichwa cha pistoni. Na kumbuka kwamba kwenye chensoo nyingi klachi inafunguka kinyume, unazungusha kama unayekaza. Flaiwili itolewe kwa pula, usiipige nyundo. Sili mpya ipake grisi kidogo kwenye mdomo na uisukume kwa soketi ya kipenyo chake, iingie bila kupinda.

Wakati uko humo, shika konrod uitikise juu na chini. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Ikicheza juu na chini, beringi ya krenki imekwisha, na hapo mimi nakushauri usimame. Kufungua kasha la krenki nyumbani bila vifaa ni kujitafutia hasara, mpelekee fundi.

Silinda

Silinda nyingi za chensoo ni aluminiamu iliyopakwa tabaka gumu ndani. Haichongwi kuongezwa ukubwa kama silinda ya pikipiki. Lakini usikimbilie kuitupa: mara nyingi ile mistari unayoiona ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia juu ya tabaka, na tabaka lenyewe liko salama.

Kuitoa tunatumia kostiki soda, ileile ya akina mama wanaotengeneza sabuni. Vaa glavu na miwani, weka ndoo ya maji karibu, na watoto wasiwepo. Kwa kijiti chenye pamba gusa kwenye mistari tu. Itachemka, maana kostiki inakula aluminiamu. Futa, suuza, rudia. Ikiacha kuchemka, aluminiamu imekwisha. Usiiache ichuruzike kwenye matundu ya pembeni, kule hakuna tabaka la kinga na itaila silinda yenyewe. Suuza kwa maji mengi, kausha, pitisha msasa laini namba 400 kwa mkono mwepesi, mara chache tu. Halafu pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, au ukiona tabaka limebanduka, nunua silinda na pistoni yake kwa pamoja.

Dukani nenda na pistoni ya zamani mfukoni. Huku kwetu nyingi ni Stihl 070 na nakala zake. Pistoni ya 070 ni ya milimita 58, ya MS 381 ni 52, lakini nakala hutofautiana kwenye pini na kwenye kimo. Linganisha kwa macho na kwa kipimo kabla ya kulipa.

Kufunga

Ingiza ringi mpya peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Milimita 0.2 au 0.3 ni kawaida kwa mpya. Ikifika 1, hiyo ni ya kutupa.

Mshale juu ya pistoni unaelekea eksozi, kila mara. Klipu za pini ziwe mpya, na mdomo wake uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Ncha za ringi zikumbatie kile kipini kidogo kilichomo kwenye mfereji wake. Ukikosea hapo ringi itavunjika siku hiyohiyo. Paka oili pistoni na silinda, bana ringi kwa vidole, shusha silinda polepole bila kuizungusha. Ikikataa usiilazimishe, kuna ncha imekaa vibaya. Gasketi mpya, nati zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Kabla ya kurudisha kabureta, rudia kipimo cha povu. Ndiyo, tena.

Mafuta na kuwasha

Waendeshaji wengi wananunua petroli kwenye chupa ya maji ya lita 1.5 na kumimina oili kwa kukadiria rangi. Rangi haipimi kitu. Chukua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo, jipya, liwe la kazi hii tu. Kwa uwiano wa 1 kwa 25, lita 1.5 inataka mililita 60, yaani bomba tatu. Oili bora ya chensoo ambayo mtengenezaji ameandika 1 kwa 50 inataka mililita 30. Omba oili ya tu-stroki kwa jina hilo, usichukue ya gari, na ile chafu iliyomwagwa gereji usiikaribishe kabisa.

Skrubu mbili za kabureta zifunge taratibu mpaka ziguse, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Huo ni mwanzo tu wa kuwashia. Iache ipate joto, halafu vuta mafuta yote kwa muda mfupi: inapaswa kugugumia kidogo ikiwa haina kazi, na kusafika sauti ikiingia kwenye gogo. Ikilia kwa mlio mwembamba mkali kama nyuki, fungua skrubu ya kasi kidogo, haraka. Na ukiachia mafuta ikakataa kushuka kasi, zima. Hewa ya wizi bado ipo.

Tenki mbili tatu za kwanza ni za matawi na magogo madogo. Ikishapoa kagua nati, toa plagi uitazame. Kahawia kama chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe, simama utafute sababu. Nyeusi na mbichi, punguza mafuta kidogo.

Mara ya pili nusu ya gharama niliitoa mfukoni mwangu, ilikuwa haki. Plagi ilitoka kahawia. Bado niliwaomba siku mbili zaidi kabla ya kuipeleka kwenye magogo makubwa, na hakuna aliyebisha. Wala safari hii hakuna aliyepiga makofi.