SOMO LA IJARA: YALIYO JUU YA MPANGAJI SIKU YA KUHAMA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ng'ambo ya Unguja ni mahali pa wapangaji tangu zamani. Wengi walijenga nyumba zao za udongo juu ya ardhi za wengine, na katika mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi hiyo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 zikasimama Kikwajuni nyumba za ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na baadaye zikafuata zile za Michenzani. Majengo yamebadilika, lakini ugomvi wa siku ya kuhama haukwisha: mwenye nyumba huzuia fedha za dhamana, na mpangaji hutoka amekasirika, kila mmoja akijiona kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa. Basi na ijulikane hukumu yake katika madhehebu ya Imamu Shafii.

ASILI YA MAMBO. Mkono wa mpangaji juu ya nyumba ni mkono wa amana. Amelipa kodi ili akae, na kukaa hakukosi kuchakaza. Rangi iliyopauka, chokaa iliyobambuka kwa chumvi ya bahari, bawaba iliyoliwa na kutu, hayo ni malipo ya miaka, nayo yamekwisha kulipiwa ndani ya kodi. Mpangaji hadhamini illa kwa moja katika mambo mawili: taaddi, nayo ni kupindukia mpaka wa matumizi ya kawaida, au tafriti, nayo ni kupuuza kulinda alichoaminiwa.

MATENGENEZO NI YA NANI? Kuitengeneza nyumba ni kwa mwenyewe. Paa likivuja naye asilizibe, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Wala halazimiki kulitengeneza kwa mali yake. Lililo juu ya mpangaji ni kufagia taka zake na kuzitoa, hata siku ya kuhama, na kurudisha ufunguo. Nao ufunguo ni amana pia: ukipotea bila ya kupuuza, halipi.

TANBIHI. Wako wanaoandika katika mkataba: "Kodi ya nyumba hii ni kuitengeneza." Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji kuwa ijara hiyo haisihi, kwa kuwa gharama ya matengenezo haijulikani, na kodi sharti ijulikane. Ikiwa mtu amekwisha kukaa kwa mkataba kama huo, atalipa kodi ya nyumba mfano wa ile. Njia iliyo safi ni kodi itajwe kwa kiasi chake, kisha mwenye nyumba amruhusu mpangaji atoe humo fedha za kutengenezea.

MFANO. Zaid alipanga kwa Amri nyumba ya ghorofani miaka minne, akaweka dhamana ya shilingi 300,000. Alipohama, Amri alidai mambo matatu: kuta zote zipakwe rangi mpya, bomba la jikoni lizibuliwe, kwani Zaid akimwaga humo machicha ya nazi, na mlango uliopasuka siku Zaid alipoupiga teke ulipwe.

Rangi haimpasi Zaid, kwa kuwa imepauka kwa kukaliwa. Bomba limo juu yake, kwa kuwa machicha hayamwagwi bombani kwa ada ya watu. Mlango umo juu yake pia, lakini hulipa kiasi kilichopungua katika thamani ya mlango ule mkuukuu, si bei ya mlango mpya. Mwenye kutaka mlango mpya kwa mlango wa miaka 20 amekula mali ya mwenziwe. Amri akate mawili hayo kwa kadiri yake, na fedha zilizobaki azirudishe.

Na lau Zaid angaliifanya nyumba ile kiwanda cha kuchomelea vyuma, angalidhamini nyufa zilizotokana na kazi hiyo. Kwani wanavyuoni wamesema mwenye kupanga nyumba ya kukaa haweki humo mhunzi.

WAKIHITALIFIANA. Mwenye nyumba akisema, "Wewe umeharibu," na mpangaji akakana, basi kauli ni ya mpangaji pamoja na kiapo chake, kwani yeye ni mwaminiwa, mpaka mwenye nyumba alete ushahidi. Na ajihadhari mpangaji asiapie uwongo kwa ajili ya mlango, akaokoa shilingi akaipoteza Akhera yake.

NASAHA. Mwenyezi Mungu ameamuru amana zirudishwe kwa wenyewe (Suratun Nisaa, aya ya 58), na amri hiyo inawaelekea wote wawili: nyumba ni amana kwa mpangaji, na fedha za dhamana zilizobaki ni haki ya mpangaji iliyo mkononi mwa mwenye nyumba. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, waumini wamefundishwa kuandika deni na kushuhudisha. Basi siku ya kuingia waizunguke nyumba pamoja na mashahidi wawili, waandike kila ufa na kila kioo kilichovunjika. Na siku ya kutoka waizunguke tena na karatasi ile mkononi. Mwendo wa nusu saa huo huzuia uadui wa miaka baina ya majirani wanaosali safu moja.

Wallahu aalam.