Nunua Filimbi Mbili: Mafunzo Niliyopata Nikijifunza Muziki na Binti Yangu

Kama umeshaamua kwamba wewe na mwanao mtajifunza muziki pamoja, sitakupotezea wakati kukushawishi. Nitakueleza tu nilikoteleza, huku kwetu kati ya Kericho na Bomet, ili wewe ukateleze kwingine.

1. Nunua mbili

Mtaala mpya ulipoleta rikoda, ile filimbi ya plastiki, kitinda mimba wangu akiwa Gredi ya 4, nilinunua moja nikaona nimemaliza wajibu. Jioni nikavuta kiti, nikaamuru, “Haya, piga tusikie.” Alipiga. Nikakunja uso. Baada ya wiki chache filimbi ikaanza “kupotea” kila nikifika nyumbani.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenisimulia habari za Shinichi Suzuki, Mjapani aliyefundisha fidla akiamini kwamba mtoto hushika muziki anavyoshika lugha ya mama, kwa kuusikia kwao kila siku. Kwa mtindo wake mzazi ndiye hutangulia kujifunza, mtoto akitazama, mpaka mtoto mwenyewe atamani kukishika chombo. “Wewe hiyo filimbi umewahi kuitia mdomoni?” akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Nikanunua ya pili. Lo! Vidole hivi vimechuma chai tangu utotoni. Ngozi yake ni ngumu, na vimezoea kubana majani mawili na kichipukizi, kisha kuvunja. Rikoda haitaki nguvu. Ina matundu saba mbele na moja la kidole gumba nyuma, na ukiacha upenyo mdogo tu inapiga yowe. Mimi hata ukingo wa tundu sikuuhisi. Binti akaja, akakishika kidole changu, akakinyoosha. “Baba, usibonyeze. Kilaze tu.” Tangu jioni ile filimbi yake haikupotea tena. Nilikuwa nikimtafutia mwalimu, kumbe alichokosa ni mwanafunzi.

2. Meza neno lako

Nilikuwa nikimkatiza kila akikosea. Nilidhani huko ndiko kusaidia. Siku moja nilimwacha amalize kwa sababu tu nilikuwa nimejaza mdomo muhogo, naye akarudia mwenyewe pale alipokosea, akapanyoosha. Tangu hapo nimejiwekea sheria: wimbo uishe kwanza. Mara nyingi, ukiisha, sina tena la kusema.

3. Mvua isikukasirishe

Kericho unaijua. Alasiri mawingu yanajikusanya, na mvua ikishapiga mabati huwezi kumsikia hata aliyekaa ubavuni mwako. Niliilaumu kwa kutuvurugia mazoezi, mpaka nilipoona kwamba ni wakati huo huo binti yangu alipopuliza kwa mapafu yote. Hakuna aliyemsikia, basi hakuna aliyemcheka. Mimi pia nilipuliza bila aibu. Mtafutie mtoto saa ya kukosea bila shahidi. Kama kwenu hakuna mvua ya kutosha, hata nyuma ya zizi panafaa.

4. Kogo naye ni mwalimu

Hili ndilo nililochelewa kulijua kuliko yote. Binti yangu alianza kupuliza wimbo ambao haukuwa kitabuni. Nikamwambia arudi kwenye ukurasa. Kumbe ni wimbo aliousikia kwa mama yangu, Kogo wake, akiuimba huku akikamua. Aliutafuta kwenye matundu mpaka akaupata, isipokuwa mwisho, ambao aliubadilisha alivyopenda.

Nilipaswa kulijua hilo mapema, kwa maana habari ya Kapkatet, huku huku kwetu, ni yetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika pale na mitambo yake, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers kwa matamshi ya huku kwetu, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri. Wasichana hawakumwiga. Walimgeuza kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamsindikiza kwa chepkong'o, kinubi chetu, wakamwita aje acheze. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini, inayotunza rekodi hizo, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha Kapkatet, na wazee wakasikia ujana wao.

Sasa fikiria angekuwepo baba mmoja pale 1950, akiwaambia wasichana wale warudi kwenye santuri, waimbe ilivyo!

Kwa hiyo nyumbani kwetu kitabu kina siku zake na Kogo ana siku zake. Yeye huimba, sisi tunamfuata kwa filimbi, na tukikosea hucheka mpaka anashika mbavu. Kicheko chake hakijawahi kumrudisha mtoto nyuma. Changu mimi kiliwahi.

5. Bonasi ya chai isikutie kiburi

Shirika la chai la KTDA lilipolipa bonasi Oktoba moja, nilikimbilia mjini nikanunua kinanda cha umeme. Hakuna aliyekiomba. Binti alikigusa kwa adabu, akarudi kwenye filimbi yake, nacho kikakaa kona ya sebule kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Ngoja uombwe, tena uombwe mara ya pili, ndipo ufungue mkoba. Anayekipiga siku hizi ni mke wangu, ambaye sikuwahi kumuuliza kama anapenda muziki, na kwaya ya kanisani imeshamkabidhi nyimbo za Krismasi.