Kukichungulia Kichocheo Kikiwa Kazini



Nilipokuwa sekondari Koboko tulivunja betri kuukuu za redio, tukatoa unga mweusi, tukauosha. Ndani yake mna dioksidi ya manganizi. Tulipoutia katika peroksidi ya hidrojeni kutoka duka la dawa, povu lilifoka, na kijiti chenye kaa kikawaka upya kwa oksijeni iliyotoka. Tukauchuja unga, tukaukausha, tukaupima: uzito ule ule. Nikaandika, "Kichocheo hakibadiliki," nikapata alama zote.

Chuoni Arua niliirudia sentensi hiyo katika ripoti. Mwalimu akaniuliza, "Ulikuwepo ndani?" Sikuwa na jibu. Nilishuhudia mwanzo na mwisho, nikatolea ushahidi katikati ambako sikuona kitu.

Chukua oksidi ya vanadiamu, inayotumika viwandani kutengeneza asidi ya salfuriki. Mwaka 1954 Mars na van Krevelen walieleza kwamba oksidi kama hii huipa gesi oksijeni yake yenyewe, kisha hujaza pengo kutoka hewani. Ni kama muuza duka anayetoa sukari kwenye rafu na kujaza tena kutoka stoo. Ukihesabu rafu asubuhi na jioni imejaa, wala hujui ni kilo ngapi zimepita.

Basi tutaonaje mchana? Kwa mwanga. Kichocheo huwekwa katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo kinachostahimili joto, gesi ikipita, joto likifika mamia ya nyuzi. Leza hupigwa dirishani. Raman aligundua mwaka 1928 kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, kwa kadiri vifungo vya atomu vinavyotikisika. Kifungo cha vanadiamu na oksijeni, juu ya oksidi kavu, huonekana karibu na 1030 kwa sentimita. Oksijeni ikinyang'anywa, mstari huo hufifia. Hewa ikirudishwa, nao hurudi. Hata rangi husema: unjano huelekea kwenye kijani na buluu. (Leza nayo ikizidi nguvu huunguza sampuli, ukadhani ni mmenyuko.)

Mtu atasema, si tukipoze kwanza, tukitazame kwa utulivu? Hapana. Kikipoa hewani hufyonza unyevu, mstari husogea, na unakuwa unatazama kitu kingine kabisa. Aliyewahi kuacha chumvi wazi Koboko wakati wa mvua anaelewa.

Tangu 2002 njia hii imeitwa operando, neno la Kilatini lenye maana ya kuwa kazini. Sharti lake ni kupima mazao papo hapo wakati mwanga unasoma uso wa kichocheo. Bila hivyo unaweza kudanganyika, kwa sababu si kila kinachoonekana kinafanya kazi. Harusini walioketi chini ya turubai ni wengi, wapishi wako nyuma ya nyumba. Watafiti hubadilisha oksijeni ya kawaida kwa ile nzito, ya 18, wakatazama ni mstari upi unasogea kwa kasi inayolingana na mazao. Mstari unaokawia pengine ni wa mgeni tu.

Leza hiyo sijaigusa bado. Lakini ripoti yangu niliiandika upya: "Uzito wa unga mkavu kabla na baada ya mmenyuko haukutofautiana kwa mizani yetu. Yaliyotokea katikati hatukuyapima."