Bastola Nyepesi, Mrudisho Mkubwa
Risasi ya .357 Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1935, huchaguliwa na baadhi ya watu kwa kujihami. Je, bastola ipi yaifaa? Tuchukue risasi ya gramu 10 itokayo kwa mita 400 kwa sekunde. Tukiacha gesi ya baruti, bastola ya kilo 1 hurudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, nishati jouli 8. Ya nusu kilo, mita 8, jouli 16. Mwanafunzi wa Utemini, Singida, aweza kuithibitisha kanuni hii kwa vigari viwili vya maabara vilivyobana springi: chepesi hukimbia zaidi. Hivyo bastola iliyo rahisi kubebwa ni ngumu kudhibitiwa. Mkono ukiyumba, risasi ifuatayo yaweza kumpata mpita njia.

Zoezi: Kokotoa mrudisho wa bastola ya gramu 800.