Maktaba, Simu na Msomaji wa Sange: Maswali na Majibu

Swali la 1. Maktaba inatafuta nini Facebook na WhatsApp?
Jibu: Wasomaji. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni tano za ukutubi. Ya nne inadai tuokoe muda wa msomaji. Mwanafunzi wa Sange, mji wa bonde la Ruzizi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayejiandaa na Mtihani wa Taifa akiuliza kwa simu kama kitabu cha kemia kipo, naye akajibiwa kabla hajatoka kwao, kanuni imetimia. Kurasa zilizojaa picha za waheshimiwa wakikata utepe hazimwokolei mtu hata dakika moja.

Swali la 2. Kikundi au chaneli?
Jibu: Wengi hupoteza alama hapa, maana hukimbilia "kikundi". Ndani ya kikundi cha WhatsApp wanachama huonana namba. Katika bonde la Ruzizi, ambako vita vimepita mara nyingi, namba ya binti wa shule si ya kuanikwa mbele ya mamia ya watu asiowajua. Chaneli, zilizoanza 2023, huwaficha wafuasi wasionane namba. Basi matangazo yaende kwenye chaneli; mjadala wa kitabu ubaki katika kikundi kidogo cha waliokubali wenyewe, chenye msimamizi asiyeona haya kufuta uvumi.

Swali la 3. Je, mkutubi anaweza kupiga picha kitabu kizima akakituma?
Jibu: Hapana. Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi nchini Kongo. Atume picha ya jalada, au hadithi za African Storybook, ambazo zina leseni huria na nyingine ni za Kiswahili.

Swali la 4. Na asiye na mega, yaani data ya intaneti?
Jibu: Redio, ujumbe mfupi, karatasi mlangoni. Hata mwenye mega atumiwe maandishi. Video humlia salio.

Swali la 5. Jamii ya mtandaoni inaipa maktaba nini? Toa mfano.
Jibu: Kumbukumbu. Nairobi, asasi ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, haikukarabati tu majengo ya maktaba. Imeweka pia nyaraka za Maktaba ya McMillan katika mfumo wa kidijitali. Sange nayo ina historia yake ya kukusanya. Tarehe 2 Julai 2010, wakati wa Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka pale na kulipuka, likaua watu zaidi ya 200. Mkutubi wa Sange anaweza kuwaomba wenyeji, pamoja na waliohamia Uvira, Bukavu au Bujumbura, picha za mji ulivyokuwa kabla ya moto na majina ya waliokuwamo mjini humo. Maombi hayo ayatangaze kwenye chaneli. Majibu ayapokee faraghani. Picha za maiti asizibandike. Kila ushuhuda aupe tarehe na jina la msimulizi, au aandike kwamba mwenyewe ameomba asitajwe.