Kikomo cha Mishahara na Mchezaji Mkongwe

Katika kujumlisha, mwanafunzi hufundishwa kwamba mpangilio wa namba haubadilishi jawabu. Hata hivyo, katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, kutangulia kwa namba moja kwaweza kumkosesha mtu kazi.

Tangu msimu wa 1984/85 ligi hiyo huweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila timu. Msimu huo kilikuwa dola milioni 3.6, msimu wa 2025/26 kilifika dola milioni 154.6. Lakini timu yaruhusiwa kukivuka ili kumbakiza mchezaji wake aliyetimiza misimu 3 bila kuhama akiwa huru. Ruhusa hiyo huitwa haki ya Bird, kwa jina la Larry Bird wa Boston Celtics.

Kwa zoezi la darasani, Bukoba na Muleba zichukuliwe kuwa na timu katika ligi ya kufikirika yenye kanuni hizo, kikomo kikiwa shilingi milioni 100. Bukoba imekwisha kujifunga kwa milioni 70. Mkongwe wake, aliyekuwa akilipwa milioni 12, amemaliza mkataba na anataka 25. Timu yamtaka pia kijana wa Muleba kwa milioni 12.

Ikimsaini mkongwe kwanza, jumla ni 95. Zilizobaki hazimtoshi kijana. Ikianza na kijana, jumla ni 82; kisha mkongwe huingia kwa haki ya Bird, jumla ikawa 107, na ni halali. Muleba, ikiwa na mishahara ya milioni 80, haiwezi kumpa mkongwe huyo zaidi ya 20.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini kila timu isijaze nafasi zote kwanza, wakongwe wakisubiri. Watunga kanuni waliliona hilo. Mkongwe asiyesaini bado huhesabiwa kana kwamba yupo. Ikiwa alilipwa wastani wa ligi au zaidi, huhesabiwa asilimia 150 ya mshahara wake wa mwisho, yaani hapa milioni 18. Nafasi ya Bukoba basi ni 12 kamili, bei ya kijana yule. Timu yaweza kuufuta mzigo huo kwa kuikana haki yake, lakini hapo mkongwe atalipwa kama mgeni, kwa nafasi iliyobaki tu.

Haki hiyo hujengwa kwa miaka. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Alipopelekwa Houston Rockets mwaka 2011 na Portland Trail Blazers mwaka 2012, hesabu ya misimu yake haikukatika, kwa kuwa mabadilishano kati ya timu hayaikati. Aliposaini Oklahoma City Thunder mwaka huo wa 2012, akiwa huru, hesabu ilianza upya. Agosti 2014 alihamishiwa Philadelphia 76ers, nao wakamwachilia kabla ya msimu kuanza.

Mkongwe aliyefikia hapo hutegemea kima cha chini, ambacho hupanda kadiri ya miaka yake. Ili timu zisimkwepe kwa sababu ya gharama hiyo, mwenye misimu 3 au zaidi akisaini mwaka mmoja tu kwa kima hicho, timu huhesabiwa kiwango cha mwenye misimu 2, na tofauti hulipwa na ligi.

Zoezi: Kama mkongwe wa Bukoba angalikuwa akilipwa milioni 16, timu ingepungukiwa kiasi gani ili kumsaini kijana kwanza?